Soksi inabana, inapwaya au inateleza: tafuta kosa lilipo kabla ya kufumua

Soksi uliyofuma kwa mkono ikikataa mguu, usiivue haraka. Ivae hadi juu, simama wima uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kisha tazama vitanzi vyenyewe. Kitanzi kisichosumbuliwa kina umbo la V iliyosimama vizuri. V ikipanuka hadi ngozi ionekane katikati yake, mzunguko wa soksi ni mdogo mahali hapo. V ikirefuka na kuwa nyembamba, kitambaa kinavutwa kwa urefu, maana yake ni kwamba kuna sehemu iliyo fupi, na mara nyingi sehemu hiyo ni kisigino. Mikunjo ni ziada: ikilala kuzunguka mguu, urefu umezidi, ikisimama kufuata urefu wa mguu, upana umezidi.

Uchunguzi huo huchukua dakika moja na huokoa jioni nzima. Wafumaji wengi, soksi ikibana, hukimbilia kuongeza urefu wa wayo. Urefu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuipatia. Matatizo makubwa hutokana na mambo mawili: mzunguko wa mguu na kina cha kisigino.

Vipimo vya kulinganishia

Bila namba huwezi kujua kama kosa ni la soksi au la hesabu. Pima vitu vinne, umesimama:

- mzunguko wa mguu mahali panapopanuka zaidi, nyuma kidogo ya vidole;
- urefu wa wayo, kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu;
- mzunguko wa mshazari, yaani futi ya kupimia ipite kwenye mkunjo wa mbele wa kifundo na kuzunguka ncha ya kisigino;
- kina cha kisigino, kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya mfupa wa kifundo.

Tuchukue mguu wa mfano na kuutumia hadi mwisho: mzunguko sentimita 23.5, urefu 24.5, mshazari 32, kina 6. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu ili ishike. Kwa mzunguko, punguza takribani asilimia 10, hapa ibaki kama 21.2. Kwa urefu, punguza sentimita 1 hivi. Kwa uzi wa soksi wa kawaida (sufu asilimia 75 na naironi 25, gramu 100 zikiwa na mita kama 400) na sindano za milimita 2.25 au 2.5, mfumaji wa mkono wa wastani hupata vitanzi 30 na mizunguko 42 kwa sentimita 10. Mara 3 kwa 21.2 ni 63.6, kwa hiyo vitanzi 64.

Kipande cha majaribio kifumwe kwa kuzunguka, si kwa kwenda na kurudi. Watu wengi hufuma vitanzi vya kinyume kwa mkono uliolegea kuliko vya kawaida, hivyo kipande bapa hutoa kipimo ambacho soksi haitakuwa nacho. Kioshe, kikauke, ndipo upime.

Haipiti kwenye kisigino

Kama ukanda wa juu ndio unaokwama huku kitambaa cha chini yake kinavutika bila shida, kosa liko kwenye ukingo wa kuanzia. Dawa inayotajwa kila mahali ni kuanzisha vitanzi kwa sindano nene. Inasaidia kidogo tu, kwa sababu sindano nene hufanya vitanzi virefu lakini haiongezi uzi unaopita kati ya kitanzi kimoja na kinachofuata, na uzi huo ndio unaoamua ukingo utavutika kiasi gani. Anzisha kwa sindano ileile ya soksi, ila weka kidole kati ya kitanzi na kitanzi unapokaza, ili kila kimoja kikae milimita 3 hadi 4 kutoka kwa jirani yake.

Kwa soksi inayoanzia vidoleni, ukingo unaobana ni ule wa kufungia. Kufunga kwa kupitisha kitanzi juu ya kingine hakufai hapa hata ukilegeza mkono. Kata uzi wenye urefu mara tatu ya mzunguko wa mguu na ufunge kwa sindano ya kushonea: pita vitanzi viwili kutoka kulia kwenda kushoto, rudi kwenye cha kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kidondoshe, endelea. Ukingo utavutika sawa na kitambaa.

Kama ni kitambaa kizima kinachokataa, angalia muundo. Ufumaji wa rangi mbili, ambapo uzi usiotumika hupita nyuma, hauvutiki kama ufumaji wa rangi moja. Misuko nayo huvuta kitambaa ndani. Soksi ya rangi moja yenye sentimita 21.3 huweza kuvutika ikafika 32 za mshazari. Ya rangi mbili yenye vitanzi vilevile itakwama njiani. Kuna kipimo cha haraka unachoweza kufanya kabla ya kufika kisigino. Laza mguu wa soksi mezani, uvute kwa mikono miwili kwenda pembeni. Ukifika upana wa sentimita 16, ambayo ni nusu ya 32, bila uzi kulalamika, utapita. Usipofika, panda sindano kwa milimita 0.25 au ongeza vitanzi 4 hadi 8, na uhakikishe nyuzi za nyuma hazijakazwa: kila unapobadili rangi, tandaza vitanzi vya sindano ya kulia kwanza.

Inabana juu ya mguu, kisigino kinajivuta chini

Hili ndilo lalamiko la mara kwa mara, na ndilo linalosomwa vibaya zaidi. Soksi inaingia, lakini ukitembea kikombe cha kisigino kinateleza kuelekea katikati ya wayo, ukanda wa juu unashuka, na kuna mstari mkali wa mvuto kutoka kisiginoni hadi kwenye mkunjo wa mbele wa kifundo. Mwenye soksi husema "ni fupi". Akiongeza sentimita mbili za wayo, mikunjo inatokea vidoleni na kisigino kinaendelea kuteleza vilevile.

Chanzo ni kisigino kisicho na kina cha kutosha. Mguu wenye mgongo ulioinuka (yaani sehemu ya juu ya wayo, kati ya vidole na kifundo) unahitaji kitambaa zaidi kwenye mshazari. Jinsi ya kukiongeza inategemea aina ya kisigino.

Kwa kisigino chenye kibao (kile kipande bapa kinachofumwa kwa kwenda na kurudi nyuma ya mguu kwa nusu ya vitanzi), kawaida ni vitanzi 32 kwa safu 32. Kila safu mbili hutoa kitanzi kimoja cha ukingoni, hivyo unaokota 16 kila upande. Baada ya kugeuza kisigino (kukipa umbo la kikombe kwa safu fupi zinazopunguza vitanzi) hubaki vitanzi 18. Hesabu ni hii: 16 + 18 + 16 + 32 za juu = 82. Unapunguza 2 kila mzunguko wa pili hadi urudi 64, yaani mara 9, mizunguko 18.

Mguu ukiwa umeinuka, fuma safu 36 au 38 badala ya 32. Kwa safu 36 unaokota 18 kila upande, jumla 86, na unapunguza mara 11. Kwa kubadili safu nne tu unapata mambo mawili kwa pamoja: kibao kirefu zaidi kwa wima, na pembetatu za ubavuni (zile zinazotokana na vitanzi vilivyookotwa na kupunguzwa polepole) zilizo pana zaidi kule juu ambako mvuto ulikuwa. Usitegemee namba peke yake. Kibao cha vitanzi vilivyorukwa (ruka kimoja, fuma kimoja) hujikusanya, kwa hiyo safu 32 zake ni fupi kuliko safu 32 za ufumaji wa kawaida. Weka rula: kibao kifike kwenye kina ulichopima, hapa sentimita 6. Kikiwa 5.2 huku kitabu kinasema umemaliza, hujamaliza.

Kosa jingine la hapohapo ni kupunguza haraka. Anayepunguza kila mzunguko badala ya kila mzunguko wa pili hufikia 64 mapema, na soksi inakuwa nyembamba mahali ambapo mguu bado ni mnene. Dalili yake ni V zilizopanuka juu ya mguu tu, ilhali wayo uko shwari. Kwa mguu ulioinuka sana, punguza kila mzunguko wa tatu.

Kisigino cha safu fupi (kinachofumwa kwa kwenda na kurudi, safu zikifupishwa kisha zikirefushwa tena) hakina pembetatu kabisa, na ndiyo maana kinapendeza machoni na kuwasumbua wenye mgongo wa mguu ulioinuka. Kikifumwa kwa nusu ya vitanzi huwa na kina kidogo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukipa asilimia 60 ya vitanzi: 38 badala ya 32, ukifupisha hadi vibaki 12 katikati, 13 kila upande. Ya pili, iliyo bora kwa maoni yetu, ni kuongeza kitanzi kimoja kila ubavu katika kila mzunguko wa pili, mara nne, kabla ya kuanza kisigino. Unafuma kisigino kwa vitanzi 40, kisha unapunguza vile 8 vya ziada baadaye kwa mwendo uleule.

Upande wa pili wa tatizo ni mfuko wa kitambaa unaojitokeza nyuma juu ya kiatu. Hapo kibao ni kirefu mno. Toa safu 4. Ila kama mfuko uko pembeni ya kisigino, si nyuma, kikombe ni kipana na si kirefu. Kwa kisigino chembamba chenye mbele pana, fuma kibao kwa vitanzi 28, ukiacha 36 juu.

Inapwaya na kuzunguka mguuni

Asubuhi kisigino kiko nyuma, mchana kiko ubavuni. Hapo mzunguko ni mkubwa. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye kipande cha majaribio huwa kubwa mguuni: vitanzi 64 kwa kipimo cha 30 (vitanzi 30 kwa sentimita 10) ni sentimita 21.3; kwa kipimo cha 28 ni 22.9. Kwenye mguu wetu wa 23.5, soksi ya pili haishiki chochote.

Ukipata 28, chagua kati ya kushuka sindano na kupunguza vitanzi hadi 60 (60 kwa 2.8 ni 21.4). Kitambaa ndicho kitakachokuamulia. Kinyooshe mbele ya mwanga. Kama kinapitisha mwanga kwa urahisi, shuka sindano, kwa sababu kitambaa kilicholegea hutoboka kisiginoni mapema hata kikikaa sawa. Kama tayari ni kizito na kigumu, punguza vitanzi.

Jihadhari na namba za sindano. Milimita 2.25 ni namba 13 kwa mfumo wa Uingereza na namba 1 kwa mfumo wa Marekani. Ule wa Uingereza namba hupanda sindano inapokonda, ule wa Marekani namba hupanda inaponenepa. Soma milimita. Sindano za zamani zisizo na maandishi zipitishe kwenye kibao cha matundu ya kupimia.

Kuzunguka kunaweza pia kutokana na ufumaji wenyewe, pale ambapo vidole na kisigino havikupangwa kwenye mstari mmoja. Laza soksi bapa, kisigino kikikunjwa katikati. Mikunjo miwili ya vidole inapaswa kuangukia pembeni kabisa. Ikiwa imehama hata vitanzi vitatu, soksi itajizungusha hadi vidole vikae sawa. Hutokea kwa sababu vitanzi vilihamishwa kati ya sindano wakati wa kupunguza pembetatu. Tia alama ya uzi wa rangi kwenye mipaka miwili, 32 juu na 32 chini, na usiiguse hadi mwisho.

Inashuka mguuni

Ukanda wa juu ndio wa kwanza kushukiwa, lakini pima mzunguko wa mguu pale ukanda unapoishia kabla ya kuuhukumu. Soksi ya urefu wa kati huishia mahali ambapo kigimbi kinaanza kunenepa. Ikizidi hapo bila kuongezewa vitanzi, kitambaa kinachobanwa na kigimbi hurudi chini kutafuta sehemu nyembamba. Yaani soksi inashuka kwa sababu inabana. Ongeza vitanzi nyuma ya kigimbi, 2 kila mzunguko wa sita au wa nane, au ifupishe.

Kama kweli inapwaya, fuma mbavu za 2 kawaida na 2 kinyume kwa sindano ndogo kwa milimita 0.25, sentimita 4 au zaidi, au endeleza mbavu mguu mzima hadi kisigino. Pamba na mianzi havina tabia ya kurudi vikivutwa. Kwa nyuzi hizo mbavu ni lazima, na bado zitalegea kufikia jioni kama hakuna naironi au uzi wa mpira ndani yake.

Fupi au ndefu kwenye vidole

Kabla ya kulaumu urefu, kumbuka kitambaa kikivutwa kwa upana hupungua kwa urefu. Soksi iliyopimwa 23.5 mezani inaweza kuwa fupi mguuni kwa sababu tu ni nyembamba mno. Kama V zimepanuka wayo mzima, rekebisha mzunguko na urefu utajirekebisha.

Kama V ziko sawa na vidole bado vinasukuma, hesabu mizunguko ya ncha. Kwa vitanzi 64, kupunguza 4 kila mzunguko wa pili hadi 32, kisha kila mzunguko hadi 16, ni mizunguko 20. Kwa 42 kwa sentimita 10 hiyo ni sentimita 4.8. Kwa hiyo anza ncha wayo ukiwa na 18.7, si "5 kabla ya mwisho" kwa kukadiria. Mguuni, hapo ni mahali ambapo kitambaa kinafika ncha ya kidole kidogo.

Umbo nalo lina neno. Vidole vinavyokaribiana urefu huumizwa na ncha kali: punguza kila mzunguko wa pili hadi 40, kisha kila mzunguko hadi 24, na uunganishe hapo. Hiyo ni mizunguko 16, sentimita 3.8, kwa hiyo wayo uende mbele zaidi kabla ya kuanza. Mtu mwenye kidole gumba kirefu na vingine vinavyoteremka apunguze upande wa kidole kidogo mara mbili zaidi kuliko upande wa gumba; ila soksi zitakuwa na kushoto na kulia. Na vile vijisikio viwili vinavyochomoza pembeni mwa ncha huondoka ukipitisha kitanzi cha mwisho juu ya jirani yake, kila pembe, kabla ya kuunganisha.

Ya kulia inakaa, ya kushoto haikai

Usilinganishe kwa futi, hesabu mizunguko. Futi huvuta kitambaa bila wewe kujua. Kama mizunguko ni sawa na ukubwa si sawa, mkono ulibadilika: ulihama kutoka sindano za mbao kwenda za chuma, au ulifuma ya pili wiki kadhaa baadaye. Tofauti ya nusu sentimita kwa mzunguko huisha baada ya kuosha. Zaidi ya hapo, fuma ya tatu kwa mkono wa sasa na uchague jozi.

Ilikaa vizuri, ikaoshwa

Sufu iliyotibiwa isisinyae hulegea na kurefuka ikilowa, na hasa ikianikwa kwa kuning'inizwa. Ikaushe bapa. Sufu isiyotibiwa hufanya kinyume: joto na msuguano hushikanisha nyuzi zake, na soksi hiyo haitarudi kamwe. Vuguvugu, dakika 20, bila kusugua, kisha ikunje ndani ya taulo na kukamua kwa kukandamiza.

Kurekebisha bila kufumua yote

Kisigino chenye kibao hakina njia ya mkato. Soksi iliyoanzia juu lazima ifumuliwe wayo wote hadi hapo. Kisigino kilichopachikwa mwishoni, kwa uzi wa akiba, huondolewa na kufumwa upya peke yake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukipenda.

Ncha ni rahisi. Iliyoanzia juu, kata muungano wa vidole, fumua hadi mwanzo wa ncha, rudisha vitanzi 64, ongeza au punguza mizunguko. Iliyoanzia vidoleni, chagua mzunguko mmoja juu ya ncha, pitisha sindano ya milimita 2 kwenye mguu wa kulia wa kila V, hesabu upate 64, ndipo ukate kitanzi kimoja katika mzunguko ulio upande wa vidole. Toa uzi wa mzunguko huo taratibu kwa ncha ya sindano, kitanzi kwa kitanzi. Ncha yote itaachia. Fuma mpya kwa kwenda upande wa pili. Uzi uliofumuliwa uloweshe na uuanike ukining'inia kwanza, la sivyo mawimbi yake yatakuharibia kipimo.

Ukanda wa juu unaobana hukatwa vivyo hivyo, lakini kata chini ya mbavu, kwenye mzunguko wa kwanza wa ufumaji wa kawaida. Ukikata katikati ya mbavu na kufuma kurudi juu, mbavu mpya zitahama nusu kitanzi kutoka kwa zile za zamani na mstari utaonekana. Fuma mbavu zote upya kutoka hapo, na ufunge kwa sindano ya kushonea.